Sahani Iliyorudi Tupu

Nakumbuka siku moja niliyoirudisha sahani ya jirani tupu, mwanangu. Nimeikumbuka jana, pale sahani yangu niliyokupelekea boga la nazi iliponirudia imeoshwa, imefutwa, haina hata chembe ya chumvi. Aliyeileta ni mwanao Rukia, macho chini, akasema, "Mama anasema ahsante." Nikaipokea, nikacheka peke yangu jikoni. Sikukucheka wewe, nilijicheka mwenyewe. Wanawake wa hapa Micheweni sote tunajua kwamba sahani ya mtu hairudi tupu. Kama huna kitu utatia ndimu mbili au konzi ya chumvi, ndiyo adabu. Kuirudisha tupu ni kusema neno, na neno lako nimelisikia. Umechoka kumwona Rukia anakuja kwangu na simu yake mkononi, anazungumza mpaka mate yanamkauka, kisha akirudi kwenu hana la kusema.

Una wivu, mwanangu. Usikatae, maana mwenye maradhi haya humtambua mwenzake kwa kumtazama tu anavyopita njia. Mimi niliyaugua kabla yako, na nusura yaniulie mtoto. Kaa nikuhadithie.

Mila yetu unaijua. Msichana akivunja ungo, si mamaye anayemkalisha kitako kumfunza. Hukabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima wa nje ya nyumba, amfunze usafi na adabu za utu uzima, na awe ndiye wa kuambiwa yale ambayo mtoto yanamshinda kumwambia mamaye. Mimi ndiye somo wa Rukia, ulinikabidhi wewe mwenyewe kwa mkono wako. Na somo wa mwanangu Salma alikuwa Bi Time, jirani yangu wa nyumba ya nyuma, Mungu amrehemu.

Wakati huo sikuwa mzee. Meno yangu yote yalikuwepo, mgongo umenyooka, na ulimi ulikuwa mkali kuliko leo, kama unaweza kuamini. Baba Salma alikuwa dago, kambi ya wavuvi, mwezi mzima hajarudi. Zilikuwa siku za bamvua, maji yanakauka mbali, na sisi wanawake tunakimbilia mashamba yetu ya mwani kabla bahari haijarudi. Siku hiyo natoka huko nimeloa mpaka kiunoni, gunia kichwani, vidole vimechubuliwa na kamba, nakaribia nyumbani nikasikia kicheko. Kilikuwa cha Salma. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kicheko kile sikuwahi kukisikia kwangu. Kwangu alicheka kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuposa. Nikachungulia uani kwa Bi Time. Wamekaa juu ya mkeka, wanafunga mwani kwenye kamba, vichwa vimekaribiana. Waliponiona wakanyamaza wote wawili.

Ule ukimya ulinichoma, mwanangu, siwezi kukuficha. Nimemzaa mimi, kwa uchungu wa siku mbili. Nimekesha na homa zake. Halafu kicheko chake anakifaidi mtu mwingine, mwanamke asiyemnunulia hata daftari! Nilitua gunia kwa kishindo ili wasikie kwamba nimechoka. Bi Time akanipa pole. Sikuitika.

Jioni ile akaniletea pweza wa nazi kwenye sahani ya maua, imefunikwa kwa kawa jipya alilolisuka mwenyewe. Tulimla yule pweza, na nisiseme uongo, nilimla mimi zaidi. Asubuhi nikaiosha sahani, nikampa Salma airudishe tupu pamoja na kawa lake, na juu yake nikamtuma maneno: "Mwambie Bi Time mwanangu keshajua ya kujua. Ahsante kwa kazi yake."

Salma alinitazama. Akaibeba sahani, akaenda. Alivyorudi alikuwa amelia.

Sasa nimemfungia mtoto mlango, na najua kanichukia. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilimchelea. Nikachukua pesa yangu ya mwani nikenda mjini Wete nikamnunulia simu ya kupangusa. Zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia huku kwetu, wasichana wenye nazo skuli nzima walihesabika. Usidhani nilimnunulia kwa ajili ya masomo, ingawa ndivyo nilivyomwambia kila aliyeuliza. Nilimnunulia ili anicheke mimi, na nilitaka Bi Time asikie kicheko hicho kutoka uani kwangu.

Alinikumbatia, naam. Siku tatu nilikuwa malkia. Siku ya nne kichwa kiliinamia kioo na hakikuinuka tena.

Sikumuuliza anafanya nini humo. Simu ile sikuijua, yangu mimi ilikuwa ya vitufe, najua cha kijani na chekundu basi, na sikutaka mtoto ajue kwamba sijui. Kiburi cha mzazi ni nguo fupi, ukiinama unaonekana. Alijiandikisha kwenye hiyo mitandao na umri wa uongo, akajiandikia miaka kumi na minane, na hakuna aliyemwambia neno. Nyumba yangu ilikuwa na komeo mlangoni na mbao madirishani, na wakati huohuo mwanangu amekaa barabarani mchana kutwa, nami ndiye niliyemtoa nje.

Siku moja nikamsikia anacheka. Nikajongea. "Nani huyo?"

"Dada Nuru, mama. Yuko Unguja. Anauza udi na mafuta ya nywele."

Akanionesha picha ya mwanamke kajistiri vizuri, kashika shada la asumini. Kila asubuhi alimwandikia, "Umeamkaje mdogo wangu, umekula?" Na mimi mamaye, badala ya kushtuka, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilijisemea, afadhali huyu wa mbali kuliko yule wa uani. Nuru hana uso wa kukutana nami kisimani. Hawezi kunyamaza nikitokea. Wivu, mwanangu, ulinifanya nimlinde mtoto na mtu anayempenda, na nimkaribishe nisiyemjua hata kwao.

Baadaye Nuru naye nikaanza kumwonea wivu, maana Salma alimwandikia yeye kwanza hata akipata alama nzuri. Lakini wivu huo niliumeza. Ningelalamika ningekubali kwamba simu niliyonunua mwenyewe imenishinda.

Kuna jambo jengine nataka ulisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo lililofunga mdomo wa mwanangu. Siku zile kulizuka habari ya msichana wa kijiji cha jirani, picha yake imezagaa. Wanawake tuko pwani tunaanika mwani, kila mmoja anatia lake. Na mimi nikasema, kwa sauti, Salma yuko hapo pembeni anageuza mwani: "Wangu akinifanyia haya, namtoa nyumbani na godoro lake." Wakacheka. Nikajiona nimesema la maana. Watoto huyapima maneno tunayowasemea watoto wa wenzetu, wakajua wao wenyewe wakikwama watapokelewaje. Salma aliyapima siku ile, akayaweka.

Maana wakati nasema vile, Dada Nuru alikuwa keshamuomba picha ya kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, ati amchagulie mafuta yanayomfaa. Mtoto akampelekea. Kwani si mwanamke mwenzake? Kisha akaomba picha nyengine ambazo mimi sitazitaja, na Salma akakataa. Hapo ndipo Nuru alipovua ushungi. Akasema yeye ni mwanamme, na kwamba picha aliyonayo ataipeleka skuli kwao na chuoni kwa maalim wao wa Kurani, isipokuwa Jumamosi Salma amfuate Wete peke yake, amuage mamaye kwamba anakwenda kusoma na wenzake.

Mimi haya siyajui. Ninaloliona ni mtoto hali chakula. Nikamwambia mwani unamchosha, akapumzike. Siku ya Alkhamisi akaniaga, "Mama, Jumamosi tuna masomo Wete." Nikamwitikia vizuri, na nikamwahidi kumpigia pasi buibui.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, nimekaa kibarazani natenga kamba za mwani, Bi Time akaja. Tangu sahani ile hatujasemezana. Kashika sahani yake ileile ya maua, kafunika na kawa, nami nikanuna palepale. Nikajua kaja kujipendekeza.

Hakuniamkia. Akaweka sahani chini.

"Raya, mwanao yu kwangu. Nzima, kakaa chumbani. Kaa vyema nkwambie, na haya kaniruhusu mwenyewe nkwambie."

Akanieleza yote. Nuru, picha, Wete, kesho.

Mwanangu, nitakwambia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata baba yake Salma. Kitu cha kwanza kuniingia moyoni hakikuwa hofu. Mtoto wangu yuko ukingoni mwa shimo, na kitu cha kwanza kilichonipanda ni wivu. Nikasimama nikasema, "Na kwa nini kaja kwako? Mamaye si mie?"

Bi Time alikuwa mtu mpole. Siku ile hakuwa.

"Ntoto kakimbia moto, weye wauliza kwa nini kaingia mlango huu hakuingia ule? Mshukuru Mungu ulikuwapo mlango! Ulinipa ntoto kwa mkono wako, Raya. Kisha ukaninyang'anya, ukampa ntu asiyekuwa na uso. Mie ukinionea wivu utanijia uani utanitukana, tutagombana, tutapatana. Yule utamtukana wapi?"

Nikakaa tena kibarazani. Akashusha sauti.

"Nenda kamchukue. Ukimpiga leo, kesho atakwenda Wete. Nakwambia mie."

Nilivuka ule ua, hatua ishirini labda, na ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizopata kwenda. Salma alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani. Aliponiona alijikunja kama anayesubiri kofi. Kule kujikunja ndiko kulikonipiga mimi. Nikakaa chini karibu naye, nguo yangu ina mchanga, nikanyoosha mkono nikamwambia, "Nipe hiyo simu unifundishe. Mama hajui kitu."

Alilia mpaka akapata kwikwi. Mimi nililia zaidi, nina sauti kubwa, majirani walidhani kuna msiba.

Bi Time ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Alitukataza kumjibu yule mtu hata neno moja, na alitukataza kufuta chochote, maana yale maandishi ndiyo ushahidi. Tukaongozana na sheha, kiongozi wa mtaa wetu, mpaka kituo cha polisi, kwenye dawati la wanawake na watoto. Askari wa kike alimkalisha Salma kwenye kiti kizuri kuliko chake, akamwambia, "Wewe hukukosa kitu, aliyekosa ni yeye." Nilitamani ningekuwa mimi niliyelisema lile neno kwanza. Unaona, hata askari nilimwonea wivu! Jumamosi yule mtu alikaa Wete akimngoja mtoto, wakamkuta askari. Alikuwa mtu mzima, ana mvi, na hakutoka Unguja wala wapi.

Nisikudanganye kwamba yaliishia hapo vizuri yote. Ile picha ya nywele iliwafikia watu wawili watatu kabla. Jumatatu nilimpeleka Salma skuli mwenyewe, nimemshika mkono njia nzima mbele za watu, na aliyetaka kunyanyua shingo alinikuta mimi.

Nikamtafuta mwalimu mmoja kijana anayejua mambo ya simu, akatukalisha mimi na Salma pamoja. Tukaandika umri wa kweli. Tukafunga ule mlango unaompitisha kila mgeni, ikawa asiyejulikana hawezi kumwandikia wala kuziona picha zake, na anayetaka kuingia tunamtazama sote wawili kwanza. Tukazima kile kinachowaonesha watu ulipo. Akatuonesha pa kumzuia mtu na pa kumripoti. Mambo ambayo nilidhani ni ya mainjinia, yalichukua muda wa kupika chai. Nilisikia aibu kwamba muda huo wa chai ulinishinda kuutoa siku zote zile.

Na jioni, baada ya sala ya Isha, simu zote za nyumba zililala jikoni chini ya kawa la Bi Time, pamoja na mkate wa asubuhi. Nasema zote, na yangu ya vitufe nayo. Baba yake aliporudi kutoka dago akapiga kelele, na yake ikalala humohumo. Mtoto akiona sheria inamgusa yeye tu, huiita adhabu.

Sasa nije kwako. Jana hukuja wewe kunigombeza, ulituma sahani, na mimi nimekujibu kwa maneno mengi kwa sababu Bi Time alinijibu kwa machache na karibu nisiyasikie. Nasaha yangu ni hii. Mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wa rika la Rukia anahitaji mtu mzima zaidi ya mmoja wa kumkimbilia, na ni wewe mamaye unayetakiwa kumchagulia huyo wa pili, kwa sababu usipomchagulia, simu itamchagulia. Usiseme umemkataza simu ukadhani umemaliza, kwa wenzake zipo. Wala usimpe ukageuza uso kama nilivyofanya mimi. Kaa naye. Muulize anazungumza na nani kama unavyomuuliza kala nini, kwa sauti ileile. Fungeni milango ya humo pamoja, na umwambie wazi kwamba utakuwa unatazama; usimnyatie akiwa usingizini, maana akikugundua atajifunza kuficha, naye ana vidole vyepesi kuliko vyako. Akizidi kukua, mlegezee kidogo kidogo, kama mbuzi anayeongezewa kamba. Na ukisikia mtoto wa mwenzio kaharibikiwa, chunga ulimi wako mbele ya wako.

Likitokea la kutokea, Mungu aepushe, usianze na fimbo. Anza na kumwambia kwamba umefurahi amesema. Maandishi muyahifadhi, mtu yule msimjibu wala msimpe anachotaka, na mwende kwa wahusika mchana kweupe. Aibu ni ya mwenye kutisha mtoto, si ya mtoto.

Na wivu wako? Sitakwambia uutupe, mimi wangu sijautupa mpaka leo. Salma keshaolewa, yuko Unguja, na alipojifungua simu yake ya kwanza ilikwenda kwa Bi Time. Ya pili ndiyo yangu. Niliumeza wivu wangu nikashushia na chai ya tangawizi, nikasema alhamdulillahi, mwanangu ana pa kupiga pawili. Wivu maana yake unampenda. Ila ujiulize kila mara unamlinda mtoto au unalinda nafasi yako.

Anayoniambia Rukia sikwambii. Lingekuwa la hatari ungeniona mlangoni kwako miguu mitupu, nimeacha chungu jikoni, na hilo nilimwambia Rukia mwenyewe siku ya kwanza, kwamba siri zake nazitunza zote isipokuwa ile inayoweza kumuumiza. Haya aliyonayo ni madogo, ya umri wake, na nimemwambia akwambie mwenyewe. Anaogopa. Kaniuliza, "Bi Raya, nianzie wapi?" Nikamwambia mamako alipokuwa mdogo alikuwa mwoga kuliko wewe, anzia popote.

Leo nimepika mkate wa kumimina. Nimeutia kwenye sahani ileile uliyonirudishia, nimeufunika kawa la Bi Time, limechakaa lakini bado linafunika, na anayekuletea ni Rukia. Mkaribishe akae. Mkate ule ni wa watu wawili, nimeukata hivyo makusudi. Akianza kusema, usimuulize kwa nini alianza kwangu.

Mwenyezi Mungu akulindie mwanao kwa unayoyaona na usiyoyaona, amjaalie ulimi wa kukwambia na wewe akujaalie sikio la kumsikia, akuepushe na mgeni mwenye maneno matamu, akupe majirani wema na moyo wa kuwavumilia. Amin. Kawa nirudishie, usiku nalihitaji. Na sahani ilete mwenyewe, na uitie chochote, hata chumvi.